Sinia Nililolitia Kwenye Hesabu

Nilikuwa na hasira na jedwali. Ni ujinga kulikasirikia jedwali, lakini mtu anayekaa peke yake hukasirikia chochote kilicho karibu, na kwenye chumba changu cha Kinyerezi kilichokuwa karibu ni kompyuta, feni na hilo jedwali.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kutengeneza modeli ya korona. Si ya jinsi ilivyoingia, hiyo walishaifanya wengi, bali ya jinsi inavyoacha kuwa janga na kuwa ugonjwa wa kawaida, wa kukaa na watu kama mafua. Unawagawa watu mafungu: ambao hawajaugua, wanaoumwa, waliopona. Kisha unaieleza kompyuta kwamba kinga ya waliopona inafifia polepole, kwamba watoto wanazaliwa kila siku, na unaiacha ihesabu miaka ya mbele. Mstari unapanda, unashuka, unapanda tena kidogo, mwishowe unatulia. Hautulii kwenye sifuri. Kila aliyeniuliza "Hili balaa linaisha lini?" nilimvunja moyo.

Ofisi ilituambia tufanyie kazi nyumbani, na ilipotuita turudi ilituita nusu tu. Mie nikabaki kwenye nusu ile nyingine. Siku nyingine sauti yangu mwenyewe naisikia jioni, nikimwambia mama wa chapati "nipe mbili," nashtuka ilivyokwaruza. Mitambo ya umeme wa gesi iko palepale jirani, naisikia inavyonguruma, na kwangu umeme unakatika vilevile. Hebu niambie! Giza likiingia nilikuwa nakaa kitandani nikisikiliza familia ya chumba cha pili wakigombea rimoti. Niliwaonea wivu, nasema kweli.

Nyumbani kwetu ni Buguruni, nyuma ya duka aliloacha baba, ambalo sasa analiendesha kaka yangu. Anaishi hapo na mkewe, watoto wao na mama. Mama ana pumu. Korona ilipoingia nilimwambia: "Mama, sikai kula kwako mpaka hili liishe." Namba nilikuwa nazijua. Nilikuwa nikienda, nasimama uani na barakoa yangu, shikamoo ya mbali bila kumbusu mkono, naacha dawa na matunda, nawafokea wasisongamane, naondoka. Kaka alinicheka sana. "We dogo, utadhani umekuja kusoma mita ya maji!" Acha acheke. Wazee wa mtaa ule walikuwa wanaondoka, na mama yangu hakuondoka. Hilo silijutii.

Lililonipa nguvu ni kujua kwamba Ijumaa, baada ya swala, wao wako mkekani wamelizunguka sinia. Kwetu Ijumaa ni sinia moja, kila mtu na upande wake, na mama anamega samaki na kusukuma minofu upande wa kila mmoja kabla hajala yeye. Mie nikila wali wangu kwenye kontena la plastiki huku Kinyerezi, nawaona wote kichwani, hata nasikia mtoto mdogo anavyokatazwa kuchokora katikati. Upweke wangu niliuvumilia kwa sababu niliamini ni wangu peke yangu.

Sasa, jedwali. Modeli inataka kujua mtu wa umri fulani anakaribiana na watu wangapi kwa siku. Sie hatukuwa na jedwali la kwetu lenye hesabu hizo, tukaazima la wenzetu wa nchi za mbali. Humo mzee hakaribiani na mtu. Anakula peke yake, kwenye sahani yake. Aah wapi! Nikasema hawa watu hawatujui. Nikaufuta mstari wa wazee, nikaandika mwingine kwa kuhesabu mikono inayoingia kwenye sinia la mama yangu. Nilijisifu, nikajimiminia chai ya pili.

Mkuu wangu wa kazi, dada mmoja wa Bukoba asiyependa maneno mengi, akanipigia. "Wazee wako wanaumwa mno humo kwenye kompyuta. Taarifa za hospitali haziko hivyo. Namba hizi umezitoa wapi?"

"Nyumbani kwetu."

"Mara ya mwisho umekula kwenu lini?"

Nikajidai mtandao umekata.

Nilipolirudisha jedwali la wageni, mstari ukalala sawasawa juu ya taarifa za hospitali kama umepimwa na fundi. Nikazidi kukasirika. Ijumaa iliyofuata nilitoka msikitini moja kwa moja hadi Buguruni, kwenda kuthibitisha kwamba mie ndiye niliyepatia.

Nilimkuta shemeji jikoni anapakua. Sahani za watoto zikaenda mbele ya televisheni. Cha kaka kikaingia kwenye kontena kupelekwa dukani. Sahani moja ikafunikwa kwa nyingine.

"Hiyo ya nani?"

"Ya mama. Anakula chumbani kwake."

"Ala! Na sinia?"

Akacheka, wala hakuwa na ubaya. "Shemeji, si wewe uliyetufokea watu wasile pamoja? Tukazoea. Siku hizi kila mtu na muda wake."

Nikaichukua ile sahani mwenyewe. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, stuli tupu mbele yake, ameshanawa mikono. Aliponiona akavuta mtandio akafunika pua.

"Simama hapo hapo, mwanangu. Ngoja nifungue dirisha." Kisha akaniuliza: "Hilo balaa lako limekwisha?"

"Halijaisha, mama. Wala halitaisha. Litakaa na sisi, ila limepungua makali."

"Halitaisha kabisa?"

"Kabisa."

Akashusha mtandio. "Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Nikavua viatu, nikaingia, nikambusu mkono. Nikakaa sakafuni, tukala sahani ile moja, na ilikuwa ndogo, vidole vyetu vikawa vinagongana. Mama alikula kidogo tu.

"Siku ile walipotangaza kwenye redio kwamba ile hatari ya dunia nzima imeondolewa," akasema, "nilipika pilau. Nikamkataza shemeji yako asigawe. Nikasema leo anakuja. Tukangoja mpaka likapoa, watoto wakaanza kulia njaa."

"Mama! Mbona hukunipigia?"

"Nikupigie nikwambie nini? Wewe ndiye msomi wa gonjwa hilo. Nikajua umesikia kabla yetu."

Nilikuwa nimesikia. Siku ile naikumbuka vizuri. Nilishinda kwenye kompyuta, nikiwaandikia watu mmoja mmoja, hata nisiowajua, kuwaeleza kwamba kuondolewa kwa hatari si kwisha kwa ugonjwa, wasichanganye mambo. Kutwa nzima sikukosea hata neno moja.