Fundi Rogath na Wakimbiaji wa Bagara

Rogath Tluway alihamia mtaa wa Bagara akiwa na miaka arobaini na saba, sanduku la randa na misumeno, na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa fundi seremala kutoka kijiji kimoja cha juu huko Mbulu, na karakana moja ya samani pale Babati mjini ilimwita kwa sababu milango aliyoitengeneza yeye haikuwahi kukwama. Mkewe Valeria alibaki nyumbani kwanza, mahindi yavunwe, ndipo amfuate.

Siku za kazi hazikumsumbua hata kidogo. Kilichomshinda ni Jumamosi.

Kijijini Jumamosi ni siku kama nyingine: jembe, ng'ombe, kuni. Huku mjini karakana ilifungwa Ijumaa jioni, na Rogath akabaki na siku mbili nzima mikononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Jumamosi ya kwanza alifagia uwanja mara tatu. Mama Sabrina, mjane mcheshi aliyempangisha chumba, alimtazama kutoka kibarazani mpaka chai yake ikapoa.

"Baba Clemence, pumzika. Ukiendelea hivyo utatuchimbia kisima."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Si ni wikiendi? Fanya wikiendi."

Rogath akaitikia kwa kichwa. Aliona haya kuuliza wikiendi inaanziwa upande gani.

Jumamosi ya pili alirekebisha kila kilicholegea: mlango wa choo, banda la kuku, viti vyote, na kitanda cha mpangaji mwenzake ambaye wakati huo alikuwa bado amelala juu yake.

Ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa amesimama getini ndani ya buti zake za mvua, akisubiri kazi yoyote ipite, mara akasikia vishindo. Watu kama arobaini walikuwa wanakuja mbio: wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wote wamevaa fulana za njano na wanapiga kelele za kuitikiana. Mbele yao, mbali kidogo na peke yake, alikimbia mwanamume mnene mwenye fulana nyekundu, macho yamemtoka.

Rogath alielewa papo hapo. Kwao watu arobaini hawakimbii alfajiri bila sababu. Ama ng'ombe wameibwa, ama fisi ameingia zizini. Na yule mwenye fulana nyekundu hakuwa fisi.

"Amechukua nini?" alimuuliza mama mmoja aliyekuwa anapita.

"Twende, baba, twende! Usibaki nyuma!" yule mama alijibu kwa furaha.

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alinyakua fagio la mpini lililoegemea ukuta, akaingia barabarani.

Sasa, mtu aliyekulia kwenye miinuko ya Mbulu ukimteremsha Babati, mapafu yake hayaoni tena kazi. Rogath aliwapita wa nyuma, akawapita wa katikati, buti zikilia pwata, pwata, pwata.

"Mzee yuko vizuri!" walimshangilia.

Aliyekuwa mbele aliitwa Wolfgang, kinyozi wa mtaani, na hili Rogath alikuja kuambiwa baadaye. Wolfgang alisikia shangwe, akageuka kuangalia kuna nini. Aliona mtu asiyemfahamu, mrefu, mwenye buti za mvua na fagio juu, anamjia kwa kasi. Wolfgang hakuuliza maswali. Alitimua mbio.

Huyu ana hatia, Rogath akajiambia. Asiye na kosa angesimama.

Walipita kituo cha mafuta ambapo kundi lilikuwa na desturi ya kugeuza. Wolfgang hakugeuza. Waliokuwa nyuma walikuwa wamezoea kumfuata popote anapokwenda, wakamfuata, ingawa baadhi walianza kulia kwa sauti. Wakashika barabara ya Dodoma. Dereva wa bajaji alipunguza mwendo pembeni ya Rogath.

"Mzee, panda. Buku tu."

"Nilipe nauli ili nimkamate mwizi?" Rogath alifoka, akaongeza mwendo.

Walipofika kijiji cha Bonga, mbali kabisa na mji, Wolfgang alikuwa hana pumzi tena. Alijitupa kwenye benchi la mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi, akafumba macho, akasubiri liwalo na liwe. Rogath alimshika ukosi wa fulana.

"Nimempata!"

Wengine walifika mmojammoja, wameshika viuno. Mama yule aliyemwambia twende, Marietha, katibu wa kundi, alifika wa tano.

"Umempata nani, baba?"

"Mwizi!"

Maandazi yalisikika yakichemka kwenye mafuta.

"Nimeiba nini?" Wolfgang aliuliza, macho bado kayafumba.

"Hilo mnalijua ninyi wenyewe," Rogath akasema. "Mimi nimekuja kusaidia tu."

Marietha akakaa chini, palepale vumbini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Baba yangu, hii ni klabu ya mazoezi! Huyu ndiye mwenyekiti wetu. Tunakimbia tu kila Jumamosi."

"Mnakimbia kwenda wapi?"

"Kurudi."

"Na mnamkimbiza nani?"

"Kitambi."

Rogath aliachia ukosi polepole, akaunyoosha kwa kiganja. Alitamani ardhi ya Bonga impokee. Lakini Wolfgang alikuwa ameshafumbua macho, anatazama barabara waliyotoka kwa mshangao mkubwa.

"Jamani," alisema, "mimi nimefika Bonga. Kwa miguu yangu!"

Akamkumbatia Rogath, na fagio likiwa katikati yao. Maandazi yote ya yule mama yaliliwa, hata yaliyoungua. Waliporudi Bagara, taratibu sana, Rogath alikuwa ameshajua majina ya watu kumi na moja, na milango ya nani haifungi vizuri.

Kesho yake kanisani, saa ya kupiga magoti, Rogath alijaribu na magoti yakakataa. Alibaki amesimama wima kama nguzo ya umeme, uso unamwaka. Alipotupa jicho pembeni alimwona Wolfgang naye amesimama. Na Marietha. Na wengine saba, huku na huku, kila mmoja ameganda. Marietha alianza kutetemeka mabega kwa kicheko alichokibana, kikamwambukiza Wolfgang, na benchi walilolishikilia likaanza kupiga kelele sakafuni. Padri aliwatazama muda mrefu.

Valeria alikuja mwezi wa nane na magunia yake. Jumapili yake ya kwanza mjini aliamka, akawasha moto, akafua, na saa mbili asubuhi akaingia chumbani, akamkuta mumewe bado amelala chali, shuka hadi kidevuni. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi kumwona kitandani jua likiwa limetoka. Alimgusa paji la uso, akatoka mbio kuchemsha tangawizi.

Rogath aliinywa yote palepale kitandani, akaomba na kikombe cha pili.