Miwani ya Bahari Ndani ya Bwawa la Baba Mdogo

Bandugu, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjalisikia jambo hili sokoni Bulengera, maana kule wameshaliongezea mpaka mamba: ni kweli, mimi Kakule, mtu mzima mwenye bibi na watoto, ndiye niliyelala kifudifudi ndani ya bwawa la samaki kule Vuhovi, miwani ya bahari usoni, mbele ya wakwe, siku ya mbuzi za mahari ya dada yangu. Mpaka leo naona haya kupita njia ile.

Dada yangu mdogo, Kavira, alikuwa ameposwa na Muhindo, kijana mpole anayeuza vitenge hapa Butembo, na Muhindo alisema baada ya ndoa watakwenda Zanzibar kupumzika, wautembee Mji Mkongwe, waone mashamba ya karafuu, waingie baharini kutazama samaki wa rangi. Kavira alikuwa anaimba tangu asubuhi mpaka jioni. Mama ndiye aliyekataa. (Kaka yake alizama ziwani, kule Kyavinyonge, Mama akiwa bado msichana, na tangu hapo maji mengi hataki hata kuyaangalia.)

"Mwana wangu hapana kuingia mu maji," alisema. "Kama Muhindo anatafuta maji, basi hata ile ndoa tutaiangalia tena."

Kavira akaacha kuimba, na mimi roho ikaniuma sana.

Sasa, kisiwa kile mimi nilishakifikia, safari moja nilipofuata viatu vya kuuza Dar es Salaam, nikaingia baharini mwenye mashua akinishika mkono (hilo la mkono sikuwahi kulisema nyumbani), nikarudi na miwani yangu na bomba lake la kupumulia. Ndipo likanijia wazo, na laiti ningeugua siku hiyo nikabaki kitandani! Niliona kwamba tukiwa wote Vuhovi kwa Baba Mdogo Katembo kupokea mbuzi, nitaingia bwawani mwake, Mama aone kwa macho yake kwamba mtu anaweza kutazama samaki huku anapumua, roho yake itulie. (Banda la nguruwe liko ukingoni, kinachotoka humo ndicho chakula cha samaki, nalijua hilo tangu utoto, lakini wazo likishaniingia kichwani halitoki.)

Basi mbuzi wakapokelewa, watu wakawa wanakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wakingoja samaki wa kukaangwa, nikavaa kaputula, nikasimama ukingoni nikaanza kufundisha: miwani uitemee mate kwanza halafu uisuuze, kioo hakitapata ukungu, bomba uliume kwa meno na upumue polepole, uvae shati kwa sababu jua la kule linachoma mgongo, uingie asubuhi maji yakiwa yametulia na mji uuache kwa jioni, na yale matumbawe usiyakanyage hata kidogo, ni vitu vyenye uhai. Wakwe walisikiliza kwa adabu zote, na mimi kichwa kikavimba.

"Kakule, mais uko sûr, uko na hakika?" Baba Mdogo akauliza. "Ile etang yangu iko na matope mingi."

"Baba, hapana kuogopa. Mi niliona bahari."

Nikajilaza. Bahari ina chumvi, inakubeba. Bwawa la Vuhovi halimbebi mtu, na baridi yake inakata pumzi. Miguu ikazama, bomba likaingia chini, nikavuta hewa nikapata maji ya nguruwe, nikapiga mateke, na teke moja likang'oa shina la mgomba ambalo Baba Mdogo alizibia njia ya kutolea maji. Bwawa likaanza kukimbilia shamba la maharagwe, samaki nao wakafuata.

"Samaki yangu! Samaki yangu inaenda!" Baba Mdogo alilia, na wakwe, na vitenge vyao vya sare, wakaingia kwenye maharagwe na mabeseni kuwaokota.

Mama hakuangalia samaki. Waliniambia baadaye kwamba aliita jina la marehemu kaka yake, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kicheko chote. Muhindo aliruka na kostimu yake mpya, koti na tai, akanishika kwapani, akaniinua. Maji yalikuwa yameshashuka chini ya magoti. Nilikaa pale kwenye matope, bomba bado mdomoni, nimesahau kulitoa.

Mama akashuka mpaka ukingoni. Akachukua ncha ya kitenge chake, akapangusa uso (wa Muhindo, si wangu).

"Uliruka na viatu," akamwambia.

"Mama, wakati ya kuvula ilikosa."

Akamtazama miguuni. Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki matopeni.

"Umupeleke Kavira kule munataka. Weye hautamuacha mu maji." Halafu akanigeukia: "Na weye, toka mu ile matope, batu banacheka."

Walikwenda. Kavira alituma picha amevaa miwani yangu, mkono wake ndani ya mkono wa Muhindo, na Mama anaionyesha kila mtu sokoni. "Uyu ni mukwe yangu," anasema. Wakiuliza habari za yule wa bwawani, anajibu, "Ule ni wa kuzaa, nitafanya je?"

Mimi nimeapa: anayetaka mashauri ya bahari aje nyumbani, nitampa yote, lakini nitakuwa nimekaa kwenye kiti, na viatu miguuni.