Dereva Niliyemshtaki kwa Kucheza Ngoma

Uvumilivu uliniisha kwenye mteremko wa kuingia Mpanda, nikiwa nimekaa mbele kwenye lori, mwanangu mapajani. Njia nzima dereva alikuwa akiimba, na kila tukishuka mteremko mguu wake unadunda chini kwa mdundo.

"Wewe baba, acha kucheza ngoma. Nina mtoto hapa."

"Tulia, Mama Rehema. Nikiacha kucheza hatufiki."

Nikaona ananidharau. Tulipofika nikamwandikia mwenye lori mashtaka, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: dereva wako anacheza ngoma kazini. Akayasoma kwa sauti mbele ya fundi wake na abiria waliokwisha kupanda kwenda Karema.

Fundi akaniuliza, "Mguu aliudunda mara ngapi?"

"Mara tatu, nne, ndipo gari linasimama."

Akaingia chini ya lori, akatoka na vidole vimelowa mafuta. "Mama, hiyo si ngoma. Breki inavuja, haishiki mpaka aikanyage mara nne."

Abiria walinicheka, kisha wakaanza kushuka mmoja mmoja. Nikaichukua ile karatasi, nikayapiga mstari maneno yangu ya ngoma, nikaandika chini yake: "Lori hili lisiondoke. Breki ni mbovu, na dereva alijua."