Vidole vya Bhoke na Kanuni Yangu

Mwanangu, siku ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyomsingizia mtu mwema mbele ya watu. Sijaisahau, na afadhali, maana mtu wa kushuku kama mimi anahitaji kitu cha kumzuia.

Nilikuwa fundi wa simu katika hospitali moja huku Serengeti. Nilifunga mtambo mpya wa kupeleka simu, na kazi niliyojivunia ilikuwa kuuandikia kanuni. Kanuni ni mstari wa alama unaouambia mtambo: ukiona tarakimu hizi, zibadilishe ziwe zile. Sisi watu wa jirani na mpaka tulizoea kupiga Kenya kwa kuanza na 005, ila laini yetu mpya ilitaka 254. Basi nikaandika: ukiona 005, weka 254. Nikajaribu mara moja, jamaa yangu akapokea akiwa Isebania, upande wa Kenya, nikaondoka nikipiga mluzi. Haraka ya ujana hiyo, na wewe unayo yako.

Wiki hiyohiyo mke wa Mwita, mkulima wa Busawe, alitakiwa kufanyiwa upasuaji, na ndugu zake walihitajika waje kutoa damu. Bhoke, mpokea simu wetu, alimpigia Mwita mara tatu. Kila mara alipokea mtu mwingine kabisa, akasema hamjui Mwita. Damu haikuja, upasuaji ukaahirishwa, na mama wa watu akazidi kudhoofika. Kesho yake Mwita akafika mwenyewe, amefura kwa hasira, anasema simu yake haijalia hata mara moja.

Bhoke aliapa kwamba alipiga namba iliyo kwenye faili. Mimi sikumwamini. Naye ni wa Busawe, na nilishasikia kwao waligombana na kina Mwita juu ya mpaka wa shamba. Nikamwambia mganga mkuu, Bhoke akisikia, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba vidole vyenye kinyongo havikosei kwa bahati mbaya. Bhoke akaambiwa akabidhi funguo za ofisi. Alilia bila kutoa sauti.

Alikuwapo Mzee Idi, fundi cherehani aliyetushonea mashuka ya wodini. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida, maana alikwisha kusikia niliyomsema Bhoke. Akamwomba Bhoke ampigie Mwita kwa simu yake mwenyewe Bhoke, ya mkononi. Simu ikalia mfukoni mwa Mwita. Kisha akamwomba apige namba ileile kwa simu ya hospitali, sote tukitazama kila tarakimu. Mfuko ukanyamaza, na yule mtu asiyemjua Mwita akapokea.

"Kijana," akaniambia, "mimi nguo ikipinda naanza kuulaumu mkasi wangu. Vidole ni vilevile, namba ni ileile. Hapo katikati pana kazi ya nani?"

Namba ya Mwita ilikuwa na 005 katikati. Nilisahau alama moja ndogo, imechongoka kama paa la nyumba, inayouambia mtambo utazame mwanzo wa namba tu. Bila alama hiyo, mtambo uliibadilisha 005 popote ulipoikuta, na simu ya Mwita ikaenda kwa mwingine. Kilichotula kilikuwa nguoni mwangu mimi. Niliona aibu, mwanangu, nikatamani ardhi ipasuke.

Funguo zilirudishwa, ndugu wakaja, mke wa Mwita akapona. Bhoke alisema amenisamehe. Lakini mpaka anastaafu, tukiwa wawili ofisini naye akitaka kutoka hata kwa dakika moja, alibeba mkoba wake.

Basi sikukatazi kushuku. Dunia hii, asiyeshuku ataibiwa mchana. Ila cha kwanza kushukiwa kiwe kazi ya mkono wako, maana nyani haoni kundule. Ukiandika kanuni, usiijaribu kwa namba ya jamaa yako tu, ijaribu pia kwa namba ya mtu usiyemjua. Na usitaje jina la mtu kabla hujataja lako.

Mungu akupe jicho kali, aligeuze kwako kwanza. Na kila utakayemwita, aitike yeye mwenyewe.