Tundu la Nyuma ya Jiko la Kukhu

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, alitoboa ukuta wa nyuma wa jiko lake kwa jembe. Lilikuwa tundu la kutosha mtu mzima kupita akiinama, na lilitazama msitu wa Kakamega moja kwa moja.

Miaka hiyo miwa ilikuwa imewatia watu wazimu, na sisi tukiwemo. Mahindi yaling'olewa, mihogo ikang'olewa, na miwa yetu ikasogea hadi ukingoni mwa msitu, kikabaki kichochoro tu cha kupitia. Malipo ya kwanza yalipotoka, Baba alitaka nyumba ya mabati. Mbao za dukani zilimshinda bei, basi akamtuma mdogo wake, Shivachi, aingie msituni na msumeno. Msitu ulikuwa wa serikali, na kukata mti bila kibali ilikuwa kutafuta jela. Shivachi aliingia asubuhi akipiga ule mluzi wake wa kuitia ng'ombe. Hakurudi.

Walimtafuta, lakini waliingia wakinong'ona, maana Baba aliogopa askari wa msitu wasisikie. Walitoka vilevile, wakinong'ona. Mvua zilikuja zikapita. Mwishowe wazee wakaamua, na kwa desturi yetu tukazika shina la mgomba lililovishwa shati lake. Msimu uliofuata miwa ilikuwa imelizunguka kaburi.

Siku moja adhuhuri nilikuwa nikipalilia na Kukhu kule ukingoni. Mluzi ukatoka msituni, ule wa ng'ombe. Jembe la Kukhu likasimama hewani.

"Usiitike, Mmbone," aliniambia. "Sauti ya msitu tunaingojanga mpaka iite mara ya tatu."

Ukalia tena. Tukangoja. Wa tatu haukuja. Kukhu akaweka jembe chini, akaielekea miti, akasema kama mama anayembembeleza mtoto aliyenuna: "Shivachi, kama ni wewe, usipitie mlangoni. Tulishakulilia. Nitakufungulia nyuma."

Kwetu, mtu aliyekwisha kufanyiwa matanga akirudi hapiti mlangoni. Akipita, mwingine wa nyumba hiyo atamfuata kaburini. Jioni hiyo hiyo Kukhu akatoboa ukuta.

Baba alipandwa na hasira. "Mama, huyo ni ndege tu! Kuna ndege huko anapiganga mluzi kama mtu."

"Nyinyi mlimtafuta mkinong'ona," Kukhu alimjibu. "Mtu anatafutwanga kwa sauti. Angejuaje kama mnamtaka?"

Baba alitoka nje akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Kila jioni Kukhu aliweka obusuma, ugali wetu wa mtama, chini ya tundu, na asubuhi sahani ilikuwa tupu. Huenda walikuwa kima. Nilipolala kwake nilijifunika gubigubi nisilione lile giza la ukutani. Niliogopa kwamba Shivachi angeingia. Niliogopa zaidi kumtazama Kukhu akimngoja.

Kukhu alifariki nikiwa nimeshapata watoto wangu. Alipozikwa, watu wakiwa bado wanaimba, Baba aliondoka na fimbo yake bila kuaga. Nilimfuata kupitia miwa. Kichochoroni tulikuta askari wawili wa msitu wamepumzika. Baba hakuwajali. Alijishika mbavu akapaza sauti ambayo sikujua anayo:

"Shivachi! Shivachi we! Mama amekufa! Kuja nyumbani!"

Aliita hadi sauti ikakauka. Tulingoja pale, na hata askari walingoja nasi.

"Hata mimi niliusikia ule mluzi," alisema, macho yake kwenye miti. "Mwaka ule tu alipopotea. Niliogopa kuitika."

Sijui ni nini kilichotuita adhuhuri ile. Ndege wa msitu ule ni wengi, na mimi nimesoma kiasi cha kutosha kuona haya kuisimulia hadithi hii. Lakini bado sipiti kichochoro kile peke yangu, na najua mnong'ono wa siku zile za kumtafuta Shivachi umemkaa Baba kooni miaka yote hii.

Jiko la Kukhu, Baba amelikandika upya kwa mikono yake. Tundu hakuligusa. Nikienda kumtembelea jioni, namkuta ameketi kando ya tundu na sahani ya obusuma, akipiga mluzi wa kuitia ng'ombe, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.