Oili Ndani ya Rejeta

Fundi wa gereji moja ya Pasiansi alipofungua rejeta ya gari langu, harufu ya oili iliyochemka na maji ilinijia usoni. Nilikuwa nimewahi kuinusa mara moja tu, nikiwa mtoto.

Asubuhi hiyo ya utotoni tulitoka Misungwi, baba akimpeleka mama kujifungua hospitali ya mjini. Kabla hatujafika Usagara, pikapu ambayo baba aliitumia kubebea mpunga ilichemsha. Akaegesha pembeni, akaiacha ipoe kidogo, kisha akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na uji mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Akauchota kwa kidole, akausugua, ukateleza.

“Oili imeingia kwenye maji,” alisema.

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama.

“Huku bado safi. Maji hayajaingia kwenye injini.”

Mama alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili.

“Baba watoto, tutafika?”

“Nikiongeza maji tutafika. Ila injini haitapona.”

“Mimi siwezi kungoja.”

Magari mawili yalipita bila kusimama. Baba akamimina maji yote ya dumu, akaendesha, mshale wa joto ukiwa umelala kwenye nyekundu.

Injini ilizimika kwenye geti la hospitali na haikuwaka tena. Manesi wakampokea mama. Sisi tukakaa kwenye benchi.

Nesi alipotuletea mdogo wangu akiwa amefungwa kanga, baba hakumpokea. Alitazama vidole vyake vyenye oili, akaomba kwanza sabuni.