Risasi za Kijani

Juzi nilimwona muuza silaha akizitenga risasi ndogo zilizoshika kutu ya kijani kwa sababu hazitegemeki, nikaisikia tena harufu ya mafuta ya bunduki uani kwetu Ngarambe. Alasiri moja ya utoto wangu, baba mkubwa alichambua risasi mkekani. Zilizong'aa alizitia mfukoni. Za kijani alimpa baba, pamoja na bunduki, akalinde mpunga usiliwe na nguruwe.

"Kaka, hizi zitalia kweli?"

"Zisipolia, lia wewe. Si una mdomo?"

Watu walicheka. Mimi nilidhani baba amepewa zenye rangi nzuri, nikamwonea fahari.

Alfajiri baba aliletwa juu ya kitanda, paja limepasuliwa na nguruwe, hapumui tena. Baba mkubwa aliikagua kwanza bunduki.

"Alhamdulillahi," alisema, "haikuvunjika."